Kaboni ya Mazao Ndani ya Betri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Vichwa vya habari hupenda kutaja zao: betri ya maganda ya ndizi, betri ya pumba, betri ya vifuu vya nazi. Majibu yaliyo hapa chini yanaanzia kwenye tanuri na kwenye vitundu vya kaboni yenyewe, maana humo ndimo zao linapopata kazi au kukataliwa.

Kaboni ya mazao ni kitu gani hasa?

Ni kaboni inayobaki baada ya mabaki ya mmea kupashwa moto mkali pasipo oksijeni. Mabaki hayo yanaweza kuwa vifuu vya nazi, magunzi ya mahindi, maganda ya karanga, makapi ya miwa au pumba za mpunga. Maji, gesi na lami huondoka, kiunzi cheusi kikabaki. Kiunzi hicho husagwa kuwa unga laini, hukorogwa na gundi, kisha hupakwa juu ya karatasi nyembamba ya metali na kuwa elektrodi. Kwa hiyo ndani ya "betri ya maganda ya ndizi" hakuna ganda la ndizi. Kuna unga mweusi ambao kwa macho huwezi kuutofautisha na ule wa magunzi.

Huo si mkaa tu?

Chanzo ni kimoja, lakini mkaa wa kawaida huishia kwenye nyuzi 400 hadi 600 hivi za Selsiasi. Ukifikia hapo bado una oksijeni na hidrojeni nyingi, haupitishi umeme vizuri, na majivu yake yote yamo. Kaboni ya betri hupelekwa hadi nyuzi 1,000 na mara nyingi 1,400 au zaidi, ndani ya gesi ya naitrojeni au agoni, na majivu yake lazima yaoshwe. Tofauti hiyo ya moto ndiyo inayobadilisha kila kitu ndani yake.

Je, ni ugunduzi mpya?

La. Mwaka 1880 Thomas Edison alikuwa tayari anatumia nyuzi za mianzi zilizogeuzwa kaboni ndani ya taa zake za umeme. Mwaka 1951 Rosalind Franklin, yule yule anayekumbukwa zaidi kwa picha za DNA, alionyesha kwamba kaboni ziko za aina mbili: zile ambazo ukizipasha moto sana hupanga tabaka zake na kuwa grafiti (kaboni laini ya penseli), na zile ambazo hata ukizifikisha nyuzi 3,000 hugoma. Hizo zinazogoma leo tunaziita kaboni ngumu. Mimea mingi huangukia kundi la pili, kwa sababu selulosi na lignini, vitu vinavyojenga kuta za mmea, vina oksijeni nyingi na viungo vinavyofungana kabla tabaka hazijapata nafasi ya kujipanga.

Sony ilipoingiza sokoni betri ya lithiamu mwaka 1991, anodi yake, yaani upande unaopokea lithiamu betri inapochajiwa, haikuwa ya grafiti bali ya koki ya petroli, masalia magumu ya kusafisha mafuta. Kizazi kilichofuata kilitumia kaboni ngumu iliyotengenezwa kwa utomvu wa alkoholi ya furfurili, kemikali ambayo viwandani huanzia kwenye magunzi ya mahindi na makapi ya miwa. Baadaye grafiti ikashinda, na kaboni ngumu ikawekwa kando kwa miaka mingi, isipokuwa kwenye kazi chache zilizohitaji betri ya kuchaji na kutoa umeme kwa haraka.

Basi kwa nini inazungumzwa tena sasa?

Kwa sababu ya sodiamu. Sodiamu ipo kila mahali. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 10 za sodiamu, ilhali lithiamu iliyomo ni chini ya miligramu moja. Betri ya sodiamu pia inaweza kutumia karatasi ya alumini pande zote mbili, wakati ile ya lithiamu hulazimika kuweka shaba upande wa anodi, kwa kuwa alumini huungana na lithiamu na kuharibika. Shaba ni ghali na ni nzito.

Tatizo ni kwamba grafiti inaikataa sodiamu. Gramu moja ya grafiti inaweza kubeba miliampia-saa 372 za chaji ikiwa na lithiamu, lakini ikiwa na sodiamu haifiki hata 40 katika elektroliti za kawaida, yaani vimiminika vinavyopitisha chaji ndani ya betri. Wengi huandika kwamba ni kwa sababu ayoni (atomu yenye chaji) ya sodiamu ni kubwa mno. Maelezo hayo hayatoshi: ayoni ya potasiamu ni kubwa zaidi, na bado inaingia kwenye grafiti bila taabu. Ukweli ni kwamba mshikamano kati ya sodiamu na tabaka za grafiti ni dhaifu kiasi kwamba kuingia hakuipunguzii sodiamu nishati, basi inabaki nje.

Mwaka 2000 watafiti Stevens na Dahn, wakiwa Chuo Kikuu cha Dalhousie nchini Canada, walionyesha kwamba kaboni ngumu iliyotengenezwa kwa glukosi inaweza kubeba takriban miliampia-saa 300 za sodiamu kwa gramu. Glukosi, yaani sukari. Tangu hapo kila maabara yenye tanuri imejaribu zao lake.

Sodiamu inakaa wapi ndani ya kaboni hiyo?

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, na pia ubishi. Dahn na wenzake waliifananisha kaboni ngumu na nyumba ya karata iliyoporomoka: vipande vidogo vya tabaka, vingine vimelaliana viwili au vitatu, vingine vimeegemeana na kuacha mianya katikati. Nafasi kati ya tabaka hizo ni nanomita 0.37 hadi 0.40, wakati kwenye grafiti ni 0.335.

Ukiichaji betri, utaona volti ya anodi ikishuka kwa hatua mbili. Kwanza inateremka polepole kutoka volti moja na kitu hadi kama 0.1; kisha inalala tambarare chini ya hapo kwa muda mrefu. Maelezo ya awali yalisema mteremko ni sodiamu inayoingia kati ya tabaka na tambarare ni sodiamu inayojaza mianya. Wengine wakaja kuyageuza, wakasema mteremko ni sodiamu inayonasa kwenye kasoro na kingo. Linalokubalika na wengi leo ni kwamba kwenye tambarare sodiamu hukusanyika ndani ya vitundu vidogo vilivyozibika na kuanza kufanana na metali. Vipimo vya mwangwi wa sumaku wa viini vya atomu vimeionyesha hali hiyo.

Zingatia neno "vilivyozibika". Kitundu kinachotakiwa ni kile ambacho ayoni ya sodiamu inakifikia lakini elektroliti haiingii. Kitundu kilicho wazi ni hasara, kama utakavyoona kwenye swali linalofuata.

Kwa nini chaji ya kwanza huleta shida?

Betri inapochajiwa mara ya kwanza, elektroliti huvunjika juu ya uso wa kaboni na kuacha utando. Utando huo ni wa lazima, kwa kuwa ndio unaoizuia elektroliti isiendelee kuharibika. Lakini kila sehemu ya uso inayofunikwa inameza sodiamu ambayo hairudi tena, na sodiamu yote ya betri hutoka kwenye kathodi, upande ulio mkabala na anodi, hakuna ghala jingine. Kaboni nzuri hurudisha asilimia 85 hadi 90 ya chaji ya kwanza, na zipo zinazozidi. Kaboni yenye vitundu vingi vya wazi inaweza kurudisha nusu tu. Ndiyo maana watu wa viwandani hutaka kaboni ngumu yenye uso wa mita za mraba chache kwa gramu, chini ya 10.

Sasa linganisha na makala nyingi zinazojisifu kwamba kaboni yao ya mazao ina mita za mraba 2,000 au 3,000 kwa gramu. Namba hiyo ni fahari kwenye kazi nyingine. Kwenye anodi ya sodiamu ni hati ya kufukuzwa kazi.

Kazi hiyo nyingine ni ipi?

Ziko mbili. Ya kwanza ni kapasita kuu, kifaa kinachohifadhi chaji juu ya uso tu, hivyo uso ukiwa mkubwa ndivyo kinavyobeba zaidi. Kaboni iliyoamilishwa, yaani iliyotobolewa vitundu vingi, ya vifuu vya nazi imekuwa bidhaa ya kawaida humo kwa miaka mingi. Ni biashara iliyokomaa, haina maajabu.

Ya pili ni betri ya lithiamu na salfa, na hii inastahili maelezo zaidi. Salfa ni rahisi, ni taka ya viwanda vya kusafisha mafuta na gesi, na kinadharia gramu moja hubeba miliampia-saa 1,675. Lakini ina kasoro tatu kwa mpigo: haipitishi umeme, huvimba kwa takriban asilimia 80 inapopokea lithiamu, na katikati ya safari hugeuka kuwa polisulfidi zinazoyeyuka kwenye elektroliti, zikaogelea hadi upande wa lithiamu na kuila betri kutoka ndani. Kaboni yenye vitundu huipa salfa makao: inapitisha umeme, inaiachia nafasi ya kuvimba, na inajaribu kuzishikilia polisulfidi. Kikundi cha Linda Nazar wa Chuo Kikuu cha Waterloo kilionyesha njia hiyo mwaka 2009 kwa kaboni yenye vitundu vilivyopangwa kwa ustadi, na haikuchukua muda watu wakaanza kutafuta vitundu kama hivyo kwenye mimea.

Kaboni tupu huzishikilia polisulfidi kwa ulegevu, kwa kuwa polisulfidi zina ncha za chaji na kaboni haina. Atomu za naitrojeni zikipachikwa ndani ya kaboni, mshiko unaboreka. Hapa mazao yenye protini, kama mabaki ya soya, yana faida ya kweli: naitrojeni imo tayari, huhitaji kuiongeza. Hata hivyo nisikupe matumaini ya bure. Upande wa pili wa betri hizo ni lithiamu ya metali, yenye matatizo yake, na hakuna ganda la mmea litakaloyatatua.

Inatengenezwaje, hatua kwa hatua?

Mabaki huoshwa kuondoa udongo, hukaushwa, hukatwakatwa. Hupashwa moto wa awali wa nyuzi 300 hadi 600. Hemiselulosi huvunjika kwanza, kati ya nyuzi 220 na 315. Selulosi hufuata hadi kama 400. Lignini huyeyuka na kuvunjika taratibu hadi zaidi ya 800. Kisha huja kuosha kwa asidi, kwa kawaida ya hidrokloriki, na maji mengi. Baada ya hapo unga huingia kwenye tanuri kubwa kwa saa kadhaa.

Moto ukiwa mdogo, kaboni hubaki na kasoro nyingi zinazoinasa sodiamu moja kwa moja. Ukizidi sana, tabaka husogeleana na nafasi hupungua. Kila malighafi ina kiwango chake, na kukitafuta ndiyo kazi inayokula miezi ya mtafiti.

Kwa kaboni ya salfa au ya kapasita kuna hatua ya ziada: kuchanganya na hidroksaidi ya potasiamu na kuchoma tena kwenye nyuzi 700 hadi 900, ili kemikali hiyo iile kaboni na kuacha vitundu. Ni kali, inatafuna vyombo, na huacha maji machafu mengi.

Zao gani ni bora?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na kwa maoni yangu limekaa upande. Bora ni zao lenye majivu kidogo, linalopatikana kwa wingi mahali pamoja, likiwa na sura ile ile mwaka hadi mwaka.

Vifuu vya nazi vinaongoza kwa sababu hizo. Vina lignini nyingi, ni vizito, majivu yake ni kidogo, na tayari vinakusanywa kwenye viwanda vya nazi. Magunzi na maganda ya karanga yanafuata kwa karibu. Makapi ya miwa yako kiwandani tayari, ila mara nyingi hutumika hapo hapo kama kuni za kuendeshea kiwanda. Ndizi ilipata umaarufu mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta walipopata anodi nzuri kutoka kwenye maganda yake. Kisayansi ni kazi safi, lakini ganda la ndizi lina maji mengi sana na potasiamu tele, na gharama ya kulikausha na kuliosha haionekani kwenye grafu. Wanga nao unatoa kaboni nzuri na safi, na unatumika. Ila wanga ni chakula.

Potasiamu na kalsiamu zinastahili kuogopwa. Wakati wa kuchoma, potasiamu huchochea kaboni iliwe na mvuke na gesi, ikafungua vitundu ambavyo hukuvitaka. Shamba lile lile, mbolea ikibadilika au mvua ikikosekana, linaweza kutoa maganda yenye majivu tofauti. Mtengenezaji wa betri anayetaka tani elfu za unga usiobadilika hujali jambo hilo kuliko rekodi yoyote ya maabara.

Na pumba za mpunga? Si ndizo nyingi kuliko zote?

Ni nyingi mno. Mpunga unaovunwa duniani unazidi tani milioni 700 kwa mwaka, na takriban moja ya tano ya uzito huo ni pumba. Ila asilimia 15 hadi 20 ya pumba ni silika, yaani kemikali ile ile ya mchanga. Ukiiondoa, inaacha vitundu vya wazi: vizuri kwa salfa, vibaya kwa anodi ya sodiamu.

Kuna njia ya tatu, ya kuigeuza silika yenyewe kuwa silikoni kwa kuichoma pamoja na magnesiamu kwenye nyuzi 650 hivi. Silikoni hubeba lithiamu karibu mara kumi ya grafiti kwa uzito, ila huvimba hadi karibu mara nne ya ukubwa wake wa awali, ikapasuka. Pumba zina bahati kwamba silika yake imetawanyika kwa chembe ndogo sana, na chembe ndogo hustahimili kuvimba. Kama ningeulizwa pumba ziende wapi, ningezipeleka huko, si kwenye sodiamu.

Itachukua nafasi ya grafiti kwenye simu yangu?

Hapana. Kaboni ngumu ni nyepesi kwa ujazo, gramu 1.5 hivi kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 2.26 za grafiti, na kwenye simu kila milimita ina mwenyewe. Mahali pake ni hifadhi ya umeme wa jua na upepo, pikipiki, na magari ya masafa mafupi.

Je, iko viwandani au bado ni maabara tu?

Iko. Kampuni ya Kijapani ya Kuraray huuza kaboni ngumu itokanayo na mimea. Kampuni ya betri ya CATL ya China ilitangaza betri yake ya sodiamu Julai 2021, yenye wati-saa 160 kwa kilo na anodi ya kaboni ngumu, na mwaka 2025 ikatangaza nyingine ya 175. Nchini Finland, Stora Enso ilifungua kiwanda cha majaribio huko Sunila mwaka 2021, kikitengeneza kaboni kutoka kwenye lignini ya miti.

Lakini njia haijanyooka. Kampuni ya betri ya Northvolt ya Sweden, iliyotangaza ushirikiano na Stora Enso mwaka 2022 kuhusu kaboni hiyo, ilifilisika Machi 2025. Na si kila betri ya sodiamu inahitaji mmea: kampuni ya HiNa ya China imetumia makaa ya mawe ya anthrasaiti, ambayo ni rahisi na hayabadilikibadiliki. Huyo ndiye mshindani halisi wa mkulima.

Betri moja inahitaji mabaki kiasi gani?

Tufanye hesabu ya haraka. Gramu ya kaboni ngumu ikibeba miliampia-saa 300, na betri ikitoa volti 3, hiyo ni karibu wati-saa 0.9. Kilowati-saa moja basi inahitaji zaidi kidogo ya kilo moja ya kaboni, weka 1.2 kwa tahadhari. Selulosi ina kaboni asilimia 44 kwa uzito, lakini tanuri halikuachii yote; robo ya uzito mkavu ni makadirio ya haki. Inakuja kilo 5 za mabaki makavu kwa kilowati-saa, au robo tani kwa gari la kilowati-saa 50. Malighafi, kwa maneno mengine, haiwezi kuwa kikwazo. Ukusanyaji, ukaushaji na usafi ndivyo vikwazo.

Ni safi kimazingira kweli?

Inategemea kinachochoma tanuri. Grafiti ya kutengenezwa huhitaji nyuzi karibu 3,000, hivyo kaboni ngumu inaanza na unafuu mkubwa, na gesi zinazotoka kwenye mabaki zinaweza kuchomwa kuendesha hatua ya awali. Upande wa pili kuna asidi, maji ya kuoshea, na ukweli kwamba mabaki yanayoondolewa shambani yanaondoka na potasiamu na kile ambacho kingekuwa mboji ya udongo. Vifuu na pumba vinaacha pengo dogo kwa sababu huishia kiwandani. Mabua yanayofaa kurudi ardhini ni bora yarudi.

Nikisoma kwamba zao fulani limevunja rekodi, niangalie nini?

Anza na chaji ya kwanza: asilimia ngapi ilirudi? Namba hiyo ikikosekana, kuna sababu. Kisha tazama kama betri ilipimwa dhidi ya kipande cha sodiamu ya metali, ambacho kina sodiamu isiyokwisha na huficha upotevu wote, au dhidi ya kathodi halisi. Angalia unene: maabara nyingi hupaka miligramu 1 au 2 kwa kila sentimita ya mraba, kiwanda hupaka mara kadhaa ya hapo. Mwisho, tafuta mavuno, yaani kilo ngapi za kaboni kwa kila kilo 100 za mabaki. Mara nyingi hayakuandikwa.

Naweza kujaribu nyumbani?

Usijaribu. Kuchoma mmea pasipo hewa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua, na sodiamu ya metali hulipuka ikigusa maji.

Sisi ni kikundi cha wakulima. Mnunuzi akija, atataka nini?

Atataka aina moja, isiyochanganywa na nyingine. Ikaushwe mpaka unyevu uwe kidogo, vinginevyo mnalipia usafiri wa maji. Isianikwe juu ya udongo mtupu, kwa kuwa mchanga kidogo tu hupandisha majivu. Mpelekeni sampuli za misimu tofauti na si ile iliyo nzuri tu, kisha mwombeni awape kwa maandishi kiwango cha juu cha majivu anachokubali. Na msiwekeze kwenye tanuri la nyuzi 1,300. Hilo ni lake. Nyinyi mkiweza kukusanya, kukausha na kufanya uchomaji wa awali kwa ubora usioyumba, mzigo unapungua uzito kabla haujapanda lori, na hapo mna bidhaa ya kujadiliana bei.